Alivuka bahari kwenda kuiona bahari

Na MWANDISHI WETU

MTOTO aliyezaliwa hatua chache kutoka ufuoni, akalishwa kwa samaki, akavishwa kwa samaki na kulipiwa karo kwa samaki, mtu angedhani hana jipya la kufundishwa kuhusu bahari. Lakini binti tunayemsimulia leo, mwenyeji wa kijiji kimoja cha Kaunti ya Kwale, alitimiza miaka 21 kabla hajawahi kutia uso wake ndani ya maji ya chumvi na kufumbua macho. Siku alipofanya hivyo hakuwa Diani wala Msambweni. Alikuwa Heron, kisiwa kidogo cha Australia, zaidi ya kilomita 10,000 kutoka kwao.

Ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa elimu ya viumbe vya baharini katika chuo kikuu kimoja hapa nchini. Alikaa huko majuma mawili ya mwezi wa Novemba pamoja na wanafunzi wa mataifa mengine, kwa ufadhili uliolipia nauli, malazi na hata miwani ya kupigia mbizi. Ameomba tusimtaje jina, wala la kijiji chao, na baada ya kumsikiliza kwa muda wa saa tatu tuliona ana haki ya kuomba hivyo.

Sababu yenyewe ni hii. Mjombake, ndugu wa mamake aliyemlea tangu babake alipofariki, ni nahodha wa juya. Mamake naye ni mama karanga, mmoja wa wale akina mama wanaoshinda ufuoni na makarai yao wakingojea samaki wadogo wa bei nafuu, wawakaange na kuwauza vijijini. Na juya limepigwa marufuku nchini Kenya tangu mwaka 2001.

Kwa msomaji wa bara ambaye hajaliona, juya ni wavu mrefu wenye matundu madogo. Hutoswa majini kwa mtumbwi ukizungushwa nusu duara, kisha wanaume kumi na tano au ishirini hushika kamba za pande zote mbili na kuvuta. Upande wa chini hukokota sakafu ya bahari, ukang'oa nyasi na kuvunja matumbawe. Tena hauchagui. Changu wa miezi michache, tafi ambaye hajazaa hata mara moja, wote hutoka pamoja wakirukaruka. Marufuku yalitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, lakini anayepita baadhi ya fuo za kusini alfajiri hahitaji kuambiwa kwamba juya lingali hai.

Kwa hiyo binti huyu alisomeshwa kwa wavu haramu mpaka akafika mahali pa kufundishwa kwa nini wavu huo ni haramu. Hilo, asema, ndilo lililomkosesha usingizi kule Australia kuliko baridi ya ndege au chakula kisicho na nazi.

Maji ya magotini

Tulimuuliza swali ambalo bila shaka msomaji naye analo. Iweje mtoto wa Pwani asijue kuogelea?

Alicheka. Wavulana wa kwao, aeleza, huogelea kabla ya kujua kusoma. Wasichana huishia maji ya magotini. Maji yakipwa huenda mwambani kutafuta pweza na kuokota kome, lakini kuzama ni kazi ya wanaume, na msichana anayeonekana amelowa mwili mzima hupata jina. Alipochaguliwa kwenda Australia ilimbidi ajifunze kuogelea kwa wiki sita katika bwawa la hoteli moja, akilipa kwa saa, akiwa amevalia suruali ndefu na fulana ya mikono mirefu. Mwalimu wake alikuwa kijana wa kijiji jirani ambaye hakuamini masikio yake alipoambiwa kazi ya babu yake mwanafunzi.

Sisi wa Nairobi tusifanye haraka kumcheka. Ni familia ngapi hushuka Mombasa kila Desemba, zikapiga picha juu ya ngamia, zikala viazi karai, zikarudi kwa gari la moshi bila mtoto hata mmoja kuona kilicho chini ya maji mita mia tatu tu kutoka hotelini? Mwamba wa matumbawe umeambaa na sehemu kubwa ya pwani yetu, na mbuga ya baharini ya Malindi ilianzishwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Tuna mali tusiyoiangalia.

Kisiwa cha supu

Kutoka Nairobi alisafiri kwa ndege hadi Brisbane akipitia Ghuba, kisha akapanda kaskazini hadi mji wa bandari wa Gladstone. Hapo waliingia mashua ya mwendo wa saa mbili hivi, na wenzake wengi wakatapika. Yeye hakutapika. Ni jambo dogo lakini alilisimulia mara mbili.

Heron iko upande wa kusini wa Great Barrier Reef, ule mwamba mkubwa wa matumbawe wenye urefu wa zaidi ya kilomita 2,300, ambao ukiulaza kuanzia Mombasa kuelekea kusini utapita pwani yote ya Tanzania na kuingia ndani kabisa ya Msumbiji. Kisiwa chenyewe ni mchanga wa matumbawe uliorundikana, urefu wake mita mia nane tu. Mtu hukizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Chuo Kikuu cha Queensland kina kituo cha utafiti hapo, ambacho kiliteketea kwa moto mwaka 2007 kikajengwa upya.

Usiku wa kwanza alisikia watoto wachanga wakilia nje ya dirisha. Si mmoja, mamia. Alisoma dua zote alizofundishwa madrasani. Asubuhi akaambiwa ni ndege wa baharini wanaotaga mayai katika mashimo ardhini, na kwamba kila mgeni hukoseshwa usingizi nao.

Lakini jambo la kisiwa hicho lililomkaa moyoni ni habari iliyo katika historia yake. Katika miaka ya 1920 Heron ilikuwa na kiwanda cha kutia supu ya kasa mikebeni. Kasa jike waliopanda kutaga walipinduliwa chali mchangani na kupelekwa jikoni. Biashara hiyo ilikufa, na kufikia mwaka 1932 pakaanza mapumziko ya watalii. Leo mtu akimmulika kasa kwa tochi isiyofaa huonywa. Binti yetu alilala kifudifudi mchangani karibu usiku mzima akimtazama kasa mmoja akichimba, akitaga mayai yapatayo mia moja, akifukia na kujikokota kurudi majini huku machozi mazito yakimtiririka. Alielezwa kwamba yale si ya uchungu, ni njia ya kasa kutoa chumvi ya ziada mwilini.

Akaelezwa pia jambo la kutisha. Joto la mchanga ndilo linaloamua kama kifaranga wa kasa atakuwa dume au jike, na mchanga ukizidi joto wote huwa majike. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa miongoni mwa kasa wachanga wanaotoka fuo za kaskazini mwa mwamba huo, zaidi ya asilimia 99 walikuwa majike. Kasa huchukua miaka mingi, hata thelathini, kabla ya kuzaa. Hasara inayopikwa sasa itaonekana mezani baadaye sana.

"Wazungu nao walikula wakamaliza, ndipo wakaanza kulinda," asema. "Nilitaka mjomba asikie hilo kwanza kabla ya mengine yote."

Kuhesabu waliokufa

Kazi yao haikuwa utalii. Kila siku maji yalipofaa walitandaza utepe wa mita 50 juu ya mwamba, wakaogelea juu yake na kuandika kwenye kibao cha plastiki kila kilichokuwa chini ya alama: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga. Siku ya kwanza yeye alimeza maji, akakanyaga asipotakiwa kukanyaga, akaandika takwimu zisizosomeka. Siku ya nne alikuwa akishuka na kupanda kama wenzake.

Aliyokuwa akiandika, aghalabu, yalikuwa mauti. Tumbawe, kwa asiyejua, si jiwe. Ni mnyama mdogo laini anayejijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya nyama yake huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho inayomtengenezea chakula kwa mwanga wa jua na kumpa rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja tu, yakakaa hivyo kwa wiki kadhaa, tumbawe huitapika mimea hiyo na kubaki jeupe. Joto likipungua mapema hupona. Lisipopungua hufa njaa. Mwamba huo mkubwa ulipata balaa hilo mwaka 1998, 2002, 2016, 2017, 2020, 2022 na tena 2024, na mara hii ya 2024 sehemu ya kusini iliyokuwa imenusurika mara nyingi ndiyo iliyopigwa vibaya. Matumbawe yenye matawi kama pembe za kulungu, aliyokuwa ameyaona vitabuni, aliyakuta yamevikwa mwani wa rangi ya matope.

Hapo ndipo alipokumbuka maneno ya mjombake. Tangu utotoni alimsikia akisema kwamba mwaka wa mvua za El Niño mwamba wa kwao uligeuka mweupe kama umepakwa chokaa, na samaki "wakahama". Kijijini wengine walisema ni laana. Darasani Heron alionyeshwa kwamba mwaka 1998 ndio hasa joto lilipoua sehemu kubwa ya matumbawe ya Bahari ya Hindi, yakiwemo ya Kenya. Mjomba, ambaye aliachia darasa la tano, alikuwa shahidi wa tukio linalosomeshwa vyuo vikuu, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Kulikuwa na mshangao mwingine. Siku moja mhadhiri alitundika ukutani mchoro wa samaki na wanyama wanaowindana mwambani, na mfano alioutoa haukuwa wa Australia bali wa pwani ya Kenya. Ulihusu kikande. Huyu ni yule samaki wa ngozi ngumu ambaye akina mama karanga humnung'unikia kwa sababu ya shida ya kumwandaa. Watafiti waliofanya kazi kwetu kwa miaka mingi waligundua kuwa kikande ndiye mlaji mkuu wa wale viumbe wa miiba mirefu myeusi wanaochoma watu nyayo. Kikande akivuliwa akaisha, wenye miiba huzaana kupita kiasi na kuanza kuutafuna mwamba wenyewe. Binti wa mama karanga ndiye pekee katika chumba kile aliyewahi kumkaanga kikande. Aliinua mkono akaeleza jinsi ya kumchuna.

Usiku wa tano baada ya mwezi mpevu

Si yote yalikuwa ya kuhuzunisha. Usiku wa tano baada ya mwezi mpevu waliamshwa na kupelekwa majini na tochi. Matumbawe yaliyosalimika yalikuwa yakizaa. Kila mdomo mdogo ulitoa kipunje cha rangi ya waridi, kipunje hicho kikaachia, kikaelea kwenda juu, na punde maji yote yakajaa vipunje kama mtu aliyemwaga gunia la mtama na mtama ukaanguka kuelekea mbinguni. Asubuhi palikuwa na utando wa waridi juu ya bahari na harufu ambayo, asema, haina jina la adabu.

Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu watafurahi kujua kwamba siri hiyo ilifichuliwa na wanafunzi wenzao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikundi cha vijana, wengi wao wakiwa bado wanasomea shahada, katika Chuo Kikuu cha James Cook mjini Townsville, walikesha majini hadi wakabaini kwamba aina nyingi za matumbawe huzaa kwa pamoja katika usiku chache tu za mwaka. Ripoti yao ilitoka katika jarida la Science mwaka 1984. Kabla ya hapo maprofesa wengi waliamini vingine.

Na kwetu je? Hapa karibu na ikweta mambo ni tofauti. Utafiti uliofanywa Mombasa ulionyesha kuwa matumbawe ya Kenya hayangojeani. Huzaa kidogo kidogo, aina hii mwezi huu na aina ile mwezi mwingine, kuanzia karibu Oktoba hadi Aprili. Binti huyu anasema alipolisikia hilo alijiambia, hiyo ni miezi ya kaskazi, bahari imetulia, na ndiyo miezi juya linapovutwa zaidi.

Dola milioni 200

Somo lililomuumiza lilikuja siku ya mwisho, na halikuhusu samaki. Mwaka 2004 serikali ya Australia ilipanua maeneo yasiyoruhusiwa uvuvi katika hifadhi ya mwamba huo kutoka chini ya asilimia 5 hadi karibu asilimia 33. Wavuvi walilalamika, kama wanavyolalamika wavuvi kokote. Lakini serikali ililipa. Ilinunua leseni za waliotaka kuacha, ikawafidia wenye maduka ya samaki na wenye viwanda, na kabla ya hesabu kufungwa zilikuwa zimetoka zaidi ya dola milioni 200 za Australia.

Alinyanyua mkono tena. Aliuliza kama waliokuwa wakivuta kamba tu, wasio na leseni wala duka, walilipwa. Majadiliano yalikuwa marefu.

Ni swali la haki. Kwao, kwa jinsi anavyokumbuka, marufuku yalifika kwa njia ya maofisa waliokuja na kuchoma wavu. Wenye juya wakanunua mwingine kwa mkopo wa tajiri wa samaki, na deni la tajiri likawafanya wavute zaidi. Ni kweli kwamba kuna miradi ambayo imewabadilishia wavuvi wa sehemu mbalimbali za Pwani zana zao, na tafiti zimeonyesha kuwa fuo zilizofukuza juya hupata mavuno mazuri zaidi baadaye. Ni kweli pia kuwa watu wa Kuruwitu, kule Kilifi, walijifungia wenyewe kipande cha bahari yao cha hekta 30 hivi katikati ya miaka ya 2000, samaki wakarudi, na mwaka 2017 wakapewa tuzo ya kimataifa ya Equator. Lakini mwaka wa kwanza wa kungojea samaki warudi, mwenye deni la tajiri na watoto sita anakula nini? Swali hilo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndilo linaloamua kama sheria ya 2001 ni sheria au ni karatasi.

Karai la mama

Alirudi nyumbani Desemba, msimu wenyewe. Alimwamkia mjombake, akampa zawadi ya tochi ya kichwani, akamsimulia habari ya kiwanda cha supu. Mjomba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza hao wenye kiwanda waliishia wapi. Binti hakujua.

Siku ya tatu alimwambia lililomleta. Kwamba tafiti za pwani hii hii zinaonyesha juya hunasa samaki wachanga kuliko mtego mwingine wowote unaotumika. Kwamba samaki wale wa karai la mama, wakiachwa wakue, wengi wangekuwa wakubwa zaidi.

Mjomba hakukasirika, na hilo lilimtisha zaidi. Alisema anajua. Alisema hata babu yake alijua, ndiyo maana zamani palikuwa na sehemu ambazo wazee walikataza watu kuvua. "Lakini mwanangu, kamba ile ina watu kumi na wanane. Niambie wewe uliyesoma, niiachie saa ngapi?"

Mama alikuwa mkali zaidi. Alimkumbusha kuwa samaki wakubwa huenda hotelini na mjini, na kwamba anayekula samaki wa shilingi ishirini kule vijijini, mama mjamzito na mtoto wa nasari, hamwoni kilo moja ya changu mwaka mzima. Juya likiondoka leo, mama karanga ndiye wa kwanza kulala njaa, na katika mikutano yote ya uvuvi iliyowahi kuitishwa kijijini haikumbuki hata mmoja ambao akina mama karanga waliitwa.

Kwa hoja hiyo mwanafunzi wetu hakuwa na jibu, nasi hatuna. Lakini alipata la kufanya. Katika mwaka wake wa mwisho chuoni anatakiwa kuandika tasnifu, na wenzake wengi wamechagua mikoko au kasa, mambo ambayo wafadhili huyapenda. Yeye ameomba kuchunguza karai. Kila juma, kwa muda wa miezi sita, atawapima urefu samaki wote watakaonunuliwa na akina mama karanga kumi, aandike ni aina gani na ni wangapi ambao hawajafikia umri wa kuzaa, na pia waliuzwa kwa nani na kwa bei gani. Anataka kujua ni samaki wepi ambao akina mama wanaweza kukataa kununua bila kufunga jiko. Kikande ni mmoja wao, maana hata sasa hakuna anayempenda. Kama mnunuzi hamtaki, pengine nahodha atamrudisha majini akiwa angali hai.

Msimamizi wake amekubali. Mwanafunzi mwingine ambaye angependa kuifuata njia hii hahitaji kungojea tikiti ya Australia. Masomo ya bahari na uvuvi yapo Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ina makao yake Mombasa na kituo huko Gazi. Anachosisitiza binti huyu ni kujifunza kuogelea mapema, hasa wasichana, na anasema mdogo wake wa kike wa miaka tisa ameshaanza. Jirani wameshaanza pia kusema.

Miwani ya kupigia mbizi aliyopewa amerudi nayo. Siku ya Mwaka Mpya mjomba aliiazima, akaenda nayo mwambani peke yake kwa mtumbwi, mahali alipozoea kutosa juya, na akakaa huko mpaka maji yakaanza kujaa. Aliporudi aliirudisha bila kusema alichokiona. Jioni hiyo alimruhusu mpwawe aanze kupima samaki wa juya lake, kwa sharti kwamba jina la ufuo lisiandikwe popote.